Mtoto Hutapika

Mwalimu ye yote wa Kiswahili aliyepata kufundisha mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Gisenyi anaijua siku ya picha ya mtoto na kamba. Mwalimu huandika ubaoni, "Mtoto anaruka," na darasa zima huangua kicheko. Kwani kuruka, katika Kinyarwanda, ni kutapika, na wanafunzi humwona yule mtoto nadhifu wa kitabuni akitapika huku kamba i mikononi mwake. Kichekesho hicho kilinifaa kwa miaka mingi. Nilikitumia kufungulia somo la maneno yanayofanana sauti na kuachana maana, na hata katika mikutano ya chama chetu nimepata kukisimulia, wakubwa kwa wadogo wakacheka.

Niliacha kukisimulia mwezi wa Oktoba 2018. Usiku mmoja binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikuja akasimama kando ya kitanda changu akaniambia, "Baba, nataka kuruka." Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, na mimi nilikuwa katikati ya usingizi. Nikamjibu, "Kalale, mama. Utaruka kesho." Naye, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, alirudi kulala. Mama yake ndiye aliyemkuta alfajiri.

Yafaa nieleze mapema kwamba mimi si tabibu, na makala haya hayakuandikwa yachukue nafasi ya tabibu. Ninayoyaandika ni yale niliyoyaona nyumbani kwangu pamoja na yale niliyoelezwa na waganga waliosomea kazi yao. Nimeyaleta katika jarida la walimu wa lugha, wala si kwingineko, kwa sababu ugonjwa wenyewe, kama msomaji atakavyoona, hautambulikani kwa damu wala kwa picha. Hutambulikana kwa masimulizi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Mtoto aliamka saa kumi alfajiri, uso umemsawijika, mate yakimtoka, akashika tumbo akatapika. Hazikupita dakika kumi akatapika tena. Nilihesabu mara sita katika saa moja, kisha nikaacha kuhesabu. Chakula kilipokwisha alitoa povu. Povu lilipokwisha alitoa nyongo ya manjano. Na hata hiyo ilipokwisha aliendelea kukokomoka, mwili mzima ukijikunja bila kutoa kitu. Hakulia. Alitaka taa izimwe na watu wanyamaze, akachagua kulala sakafuni penye baridi kuliko kitandani kwake. Alikuwa na kiu kubwa, lakini kila funda la maji lilirudi lilikotoka.

Katika kituo cha afya alipimwa malaria, isionekane. Tukapewa dawa ya minyoo tukarudi. Jioni macho yalikuwa yamemdidimia na midomo imekauka, akapelekwa hospitali akatiwa maji kwa njia ya mshipa. Siku ya tatu, asubuhi, aliketi kitandani akaomba viazi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu. Akala, akashuka, akaenda kucheza na watoto wa wodini. Ungeapa kwamba aliyelala pale usiku uliotangulia alikuwa mtoto mwingine. Sisi wazazi ndio tuliotoka hospitalini tukiwa wagonjwa.

Baada ya pale ikawa desturi. Mwezi ukipita, au mwezi na nusu, inarudi. Saa ile ile ya alfajiri, namna ile ile, siku mbili au tatu, kisha kimya. Na kila iliporudi ilipewa jina jipya. Iliitwa malaria hata kipimo kilipoikana, ikaitwa amiba, ikaitwa vidonda vya tumbo, ikaitwa kula kitu kibaya. Siwalaumu walioyasema hayo. Kila tulipokwenda tulimkuta mhudumu mwingine wa zamu, na kila mhudumu alimwona mtoto mmoja anayetapika usiku mmoja. Mwenye kuona ukurasa mmoja hawezi kulaumiwa kwa kutokijua kitabu.

Tena, watu wa mji huu wana sababu zao za kuogopa kutapika. Mwezi wa Julai 1994, katika siku za mwisho za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka hapa hapa kwetu wakaingia Goma na vitongoji vyake, na kipindupindu kikawaingia. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, walio wengi wao kwa kuhara na kutapika. Mtu aliyeyaona hayo akiwa kijana, leo ni babu au bibi. Na mjukuu wake akitapika mara mbili, yeye hakumbuki chakula cha jana, hukumbuka mwaka ule. Nimemwona mzee mmoja wa mtaani kwetu akiondoka kimya kwenye kibaraza changu aliposikia sauti ya mtoto ndani. Sikumwuliza.

Lakini jina lililotuharibia zaidi halikutoka hospitalini. Lilitoka uani. Kwa Kinyarwanda huitwa uburozi, neno lililo ndugu wa kuroga kwetu, nalo lina maana ya sumu na uchawi vikiwa vimechanganyika. Mtu akitapika pasipo homa, akapona, akatapika tena, majirani hawakosi kujua kwamba amelishwa kitu. Na akilishwa kitu, basi yupo aliyemlisha. Palikuwa na mama mmoja jirani yetu, mkaanga maandazi, ambaye asubuhi nyingi humpa binti yangu andazi moja la bure akienda shule. Si mimi niliyemtaja. Lakini jina lake lilipotajwa mbele yangu, nilinyamaza. Na katika mtaa kama wetu, mwalimu akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Maandazi yakakoma. Salamu zikafuata.

Na dawa ya uburozi, msomaji, ni ipi? Ni kutapishwa. Kitendo hicho huitwa kurutsa, yaani ile ile kuruka katika kauli ya kusababisha, na wapo waganga wa mitishamba ambao ndiyo kazi yao. Mtoto aliyetapika mara hamsini apelekwe akatapishwe! Leo naiona dhihaka iliyomo humo. Wakati ule nauli ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Aliyekataa ni mke wangu, ambaye alisimama mlangoni na mtoto mgongoni na kusema kwamba mwenye kutaka kutapishwa na aanze yeye.

Tukaendelea hivyo miaka miwili na kitu, hata usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipofumuka. Mbingu ya upande wa Goma ikawa nyekundu, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kwa miguu, na magodoro na watoto na mbuzi. Miongoni mwao alikuwa mama mkwe wangu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyumba zikapasuka Goma na hapa Rubavu pia, nasi sote tukalala uani. Usiku wa tatu mtoto akashikwa. Bibi yake alikesha naye, akambeba, akamfuta, akamtazama. Kulipokucha aliniita akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu:

"Mwalimu, uyu mutoto anatapikaka."

Nilikuwa sijalala usiku wa tatu huo, na labda ni hilo lililonifanya niwe mpumbavu kuliko kawaida yangu. Nikamjibu, "Mama, kwa Kiswahili sanifu tunasema hutapika." Alinitazama kitambo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemrudilia mwanafunzi mzito, "Haiko leo tu, Mwalimu. Anatapikaka." Akainuka akaenda kuchemsha maji.

Wenzangu mnaofundisha mipakani mnakijua kiambishi hicho. Kiswahili cha Kivu hakina hu- ya mazoea. Kina -aka mwishoni mwa kitenzi, anakulaka, anakuyaka, anatapikaka, na si kosa la ulimi bali ni urithi wa Kibantu, ndugu wa -aga ya Kinyarwanda. Nimewasahihisha wanafunzi mamia kwa ajili yake, na kwa mtihani sina budi kuendelea kuwasahihisha. Lakini yule mama alikuwa amesema jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa miaka karibu mitatu. Sisi sote tulikuwa tukisema anatapika: kwa mhudumu wa zamu, mtoto anatapika, kwa simu kwa ndugu, mtoto anatapika. Ni kweli kila mara, na kila mara haitoshi. Anatapika ni habari ya tumbo la leo. Hutapika ni ugonjwa mwingine kabisa.

Nilikwenda kumwona mwalimu wa darasa lake, nikamwomba daftari la mahudhurio. Sisi walimu tunalijua daftari hilo kama mzigo. Tunalijaza kwa haraka, kisha wakaguzi hulikagua, kisha panya. Nililifunua mezani. Ukiondoa ile miezi ya mwaka 2020 ambayo shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya korona, mistari ya binti yangu ilionekana kama ushanga: siku nyingi za kuwapo, kisha siku tatu za kutokuwapo, kisha wiki tano au sita za kuwapo, kisha siku tatu tena. Na zile siku tatu hazikuangukia po pote tu. Moja ilifuata siku ya michezo ya shule. Nyingine ilifuata safari yetu ya usiku kutoka Kigali. Nyingine ilikuwa juma la mwisho wa muhula, ambapo alingoja zawadi.

Basi nikanunua daftari jingine, la kurasa 96, nikaanza kuandika. Tarehe na saa ya kuanza, ametapika mara ngapi katika saa ya kwanza, nini kilitoka na rangi yake, amelala saa ngapi usiku wa kuamkia, amekula nini, au amekosa kula, furaha gani au hofu gani iliyokuwa karibu, imekoma lini, na siku zilizo katikati, yu mzima kweli au ana dalili yo yote. Katika miezi sita niliandika vipindi vinne. Ukiviweka kando kando vilifanana kama nakala za mtihani mmoja.

Kwa bima ya afya ya jamii, ambayo sisi tunaiita mituweli, mgonjwa hupanda ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Tulipanda. Mwisho tulijikuta Kigali, kilomita zipatazo 150 za kona kutoka hapa, mbele ya daktari wa watoto, mwanamke kijana, ambaye alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alilichukua daftari, akalisoma lote, na mtoto akimngojea. Kisha akauliza swali moja tu, tena hakumwuliza mtoto wala mimi. Alimwuliza mke wangu kama yeye huumwa na kichwa.

Mke wangu huumwa na kichwa tangu utoto wake. Huanza juu ya jicho la kushoto, hupanda, humfanya achukie mwanga na sauti, humtapisha, na kesho yake huisha. Hakupata kumwambia daktari kwa kuwa hakuona kuwa yahusu. Kiswahili kina neno lake, neno la zamani ambalo wanafunzi wetu hawalijui tena: kipandauso. Daktari akaeleza kwamba kutapika huku kwa binti yetu ni jamaa wa karibu wa kipandauso. Kwamba familia nyingi zenye kimoja zina kingine. Na kwamba watoto wengi huacha kutapika wanapokua, ila baadhi yao hubadilisha, wakaanza kuumwa na kichwa. Kosa haliko tumboni. Liko katika mazungumzo baina ya ubongo na tumbo, na tumbo ndilo linalopigwa.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Daktari Mwingereza, Samuel Gee, aliueleza mwaka wa 1882 katika watoto aliowaona London, watoto waliotapika, wakapona kabisa, wakatapika tena. Yeye ndiye yule yule aliyeandika mwaka wa 1888 maelezo mashuhuri ya maradhi ya utumbo yanayoletwa na ngano. Hata leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Mwaka wa 2008 madaktari wa matumbo ya watoto wa Amerika ya Kaskazini waliafikiana juu ya vigezo vyake, na nilipovisomewa niliona kama ninasomewa daftari langu: vipindi visivyopungua vitano kwa jumla, au vitatu katika miezi sita, kila kimoja cha saa moja hadi siku kumi, baina ya kimoja na kingine ipite walau wiki moja, vifanane kwa huyo mgonjwa mmoja, atapike walau mara nne kwa saa kwa muda usiopungua saa moja, arudie afya yake kamili katikati, na pasiwepo ugonjwa mwingine unaoweza kuyaeleza hayo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Daktari hakutuacha tuondoke na jina pasipo kuyatafuta mengine. Alipiga picha ya figo kwa mawimbi ya sauti, kwani figo iliyozibika hujaa na kutapisha kwa vipindi. Alipiga eksirei baada ya mtoto kunyweshwa maji meupe yanayoonekana katika picha, ili aone kwamba utumbo haukuzaliwa umejisokota. Alipima sukari, chumvi za damu, kongosho na ini, akachungulia macho yake na kumtembeza kwa mstari mmoja ili ajue habari za ubongo. Alituambia pia dalili ambazo mzazi asizilaze hata akiwa ameshapewa jina la ugonjwa: matapishi ya kijani kibichi, damu, tumbo gumu linaloumia likiguswa, homa pamoja na shingo kukakamaa, kichwa kinachouma kila asubuhi, mtoto kuyumba au kuona viwili viwili, usingizi usioamshika, na kipindi kisichofanana na vile vya kawaida. Hilo la mwisho linapita kirahisi masikioni, nami ningependa msomaji alishike. Aliyezoea vipindi hudhani kila kutapika ni kipindi.

Hapa naomba nafasi ya mwalimu wa msamiati. Daktari alipotaka kutofautisha ugonjwa huu na mingine alijikuta akieleza kwa maneno mengi mambo ambayo Kiswahili kimeyapa kila moja jina lake. Kutapika ni kutoa kilichomo tumboni kwa nguvu. Kukokomoka ni zile juhudi kali za kutapika, hata pasipo kitu. Kucheua ni chakula kurudi kinywani pasipo nguvu wala kichefuchefu, kama afanyavyo ng'ombe. Na kumbe wapo watoto, na watu wazima pia, ambao hucheua dakika chache baada ya kila mlo, nao hudhaniwa wanatapika, na hupewa dawa za kutapika zisizowafaa, ilhali tiba yao kubwa ni kufundishwa namna ya kuvuta pumzi kwa tumbo baada ya kula. Kigegezi, nacho, ni ile hali ya moyo kuchafuka kabla hakijatoka kitu. Mzazi akiyajua maneno haya manne na kuyatumia mahali pake, amemfanyia daktari nusu ya kazi.

Kuhusu jina la ugonjwa, wengine hupendelea kusema kutapika kwa mzunguko, kwa kufuata lugha za Ulaya. Mimi nasema kutapika kwa vipindi. Mtoto hazunguki. Ana kipindi cha kuumwa na kipindi cha uzima, kama ratiba yetu ya shule, na lililo la muhimu ni kwamba kati ya vipindi kuna kengele.

Matibabu nayo yana vipindi vyake. Wakati wa uzima kazi ni kuzuia: usingizi wa saa za kutosha na usiobadilika, asilale na njaa, anywe maji, na furaha kubwa zisitangazwe mapema. Hili la furaha lilitupa taabu. Tumejifunza kumwambia habari za safari asubuhi ya safari yenyewe, jambo linaloonekana kama ukatili kwa asiyejua. Kwa kuwa vipindi vyake vilikuwa vingi, alipewa pia dawa ya kumeza kila usiku. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano madaktari hupendelea siproheptadini, na kwa waliozidi umri huo amitriptilini, ambayo asili yake ni dawa ya huzuni kubwa na hutanguliwa na kipimo cha mapigo ya moyo. Nilipokwenda kuinunua, mwuza dawa aliniuliza kwa sauti ni nani nyumbani kwangu aliyerukwa na akili. Dukani palikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu wawili.

Zile dakika kabla ya kutapika, mtoto anapoanza kusawijika na kumeza mate, ni mali. Ndipo hupewa ondansetroni ya kuyeyuka ulimini, dawa ya kipandauso au ya maumivu ikiwa daktari ameiandika, akalazwa gizani pasipo maneno. Mara nyingine kipindi hufa hapo. Kisipokufa, na matapishi yakaendelea, mahali pake ni hospitali, kwa maji ya mshipani yenye sukari na chumvi. Sukari hasa, maana mwili wenye njaa huuchochea ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo daktari alitupa barua ya ukurasa mmoja, yenye jina la ugonjwa, vipimo vilivyokwisha kufanywa na hatua za kufuata, ili kila mhudumu wa zamu akikute kitabu chote mkononi mwetu. Barua ile imetuokolea saa nyingi kuliko dawa zote. Na mtoto akianza kupata nafuu, hupewa kwa kijiko, kidogo kidogo, maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu.

Niongeze neno kwa wenye wanafunzi wakubwa. Ugonjwa huu huwapata watu wazima pia, na upo mwingine unaofanana nao mno ambao uliandikwa na madaktari wa Australia mwaka wa 2004: hutokea kwa wavutao bangi kwa miaka mingi, nao hupata nafuu wakioga maji ya moto, wakaoga mara kumi kwa siku. Tiba yake ni kuiacha bangi. Mwanafunzi anayetapika hivyo hatamwambia mwalimu anayeanza na fimbo.

Binti yangu sasa yu mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Vipindi vilishuka kutoka tisa kwa mwaka hadi viwili, na mwaka uliopita kilikuwa kimoja, usiku wa kuamkia arusi ya mjomba wake, ambayo bila shaka aliambiwa mapema na shangazi zake. Daftari sasa analiandika mwenyewe.

Nilikwenda kwa mama wa maandazi mwezi ule ule tuliorudi kutoka Kigali, na ile barua mkononi. Nilimsomea nikimfasiria kwa Kinyarwanda mstari kwa mstari, na nilipofika mahali pa ajya aruka, yaani hutapika, akanizuia kwa mkono. Akasema alijua tangu zamani kwamba si yeye. Alichotaka kujua ni kama mimi nilijua. Nikamwambia kwamba sikujua, lakini nilipaswa kusema kwamba sikuamini. Alinikaribisha chai. Salamu zimerudi, na mke wangu hununua kwake kila Jumapili. Ila hajampa tena mtoto andazi la bure, na akipita hapo hujishughulisha na mafuta yake.

Limebaki jambo moja ambalo huenda wanachama wenzangu watanisaidia. Ile hatua ya kwanza, kabla ya matapishi ya kwanza, ambayo dawa huweza kuizuia, nimekosa jina lake. Kigegezi hakitoshi, kwa maana mtoto mara nyingine hasikii kichefuchefu bado. Huwa amepoa tu, amenyamaza, macho yake yametazama mbali. Dalili za awali ni istilahi ya kitabu, na nikiitamka saa tisa usiku mke wangu hucheka. Bibi yake huita mawingu. "Mawingu iko inakuya," husema, na sote huinuka kwenda kutafuta kile kidonge. Ikiwa wenzetu wa Lamu, wa Pemba au wa Mrima wana neno lao la hali hiyo, na waliandike katika toleo lijalo, nami nitaliingiza katika daftari.